Matangazo Yaliyomfuata Dama

Mliponiaga pale ofisini kwa keki na sifa nyingi kuliko ninazostahili, mmoja wenu alinishika mkono akaniambia, "Mzee Mutua, usituache hivi hivi. Tuandikie." Haya, nimeandika. Maelezo ya ufundi mnayo kwenye kompyuta, na najua hamjayasoma, kwa hiyo sitayarudia hapa. Nimeweka yale ambayo hayaingii kwenye maelezo ya ufundi: nani alinifundisha, wapi nilikwama, na kisa cha Dama, ambacho wengi wenu mmekisikia vipande vipande na kila kipande kimetiwa chumvi. Naandika nikiwa kwangu Tezo, nyuma ya nyumba, kuku wakinipekulia miguuni. Sina haraka na mtu.

Nilikuja Malindi kijana kutoka Machakos, nikiwa na cheti cha kupiga chapa na Kiswahili cha kuagizia chai. Wakati huo hoteli yetu ilikuwa moja; ile ya Watamu na ile ya Kilifi zilikuja baadaye. Waliniweka kwenye ofisi inayopokea maombi ya vyumba, chini ya Bi Maimuna, mzaliwa wa mji wa kale, mwanamke wa buibui na miwani mikubwa ambaye sikupata kumsikia akinyanyua sauti. Siku yangu ya kwanza simu ililia, nikaiwahi, nikasema, "Ndiyo, unataka nini?" Bi Maimuna akauchukua mkono wa simu kutoka kwangu taratibu, akamwomba radhi yule mtu, akamsalimia, akamuuliza hali ya nyumbani na ya watoto, kisha akampa chumba. Alipomaliza alinitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, kwenu mtu akibisha hodi mwamuuliza ataka nini?"

"Hapana, Bi Maimuna. Tunamkaribisha ndani."

"Basi huyo naye alikuwa abisha hodi."

Kwa wiki nzima baada ya hapo sikuruhusiwa kugusa simu. Nilikaa kando yake nikisikiliza tu, na jioni ananiuliza mgeni fulani alisema nini kuhusu mama yake mgonjwa. Nikisahau, kesho yake nasikiliza tena. Sijui chuo gani siku hizi kinafundisha hivyo, lakini mimi ndicho nilichosomea.

Chombo chetu kikubwa kilikuwa mashine ya faksi, nayo ilikuwa na tabia ya kumeza karatasi kila hewa ya bahari ilipoipata. Mgeni mmoja angeweza kutuma faksi, halafu akapiga simu kuuliza kama faksi imefika, halafu wakala wake wa Nairobi akaleta barua. Karatasi tatu, mtu mmoja. Bi Maimuna alikuwa na utaratibu wake: mgeni akitajwa mara ya kwanza anapewa namba, na namba hiyo inaandikwa kwa wino mwekundu juu ya kila karatasi inayomhusu, iwe imetoka wapi. Pasaka moja mwenzetu wa zamu ya jioni alipokea simu ya mama mmoja wa Nakuru, akampa namba mpya bila kutazama kwamba mumewe alishatuma faksi kwa jina lake la ukoo. Tukawashikia vyumba viwili. Familia nyingine ikaambiwa hoteli imejaa, nayo ilikuwa na bibi aliyesafiri kutoka mbali na miguu iliyovimba. Mambo yalipojulikana, Bi Maimuna alikwenda mwenyewe hadi nyumba ya kulala wageni walikokimbilia, akaomba radhi, akawarudisha kwenye kile chumba cha ziada. Alirudi ofisini akashika kalamu yake nyekundu, akazipitia karatasi zote za Pasaka moja moja mpaka saa ya kufunga.

Faksi ilikufa, ikaja barua pepe, ikaja tovuti. Bi Maimuna alistaafu akaniachia meza na kalamu yake nyekundu, ambayo sikuwa na pa kuitumia. Nikaanza kujifunza upya nikiwa na mvi. Wenye hoteli walipoamua kutangaza mtandaoni, mimi ndiye niliyepewa kazi hiyo, nadhani kwa sababu nilikuwa wa mwisho kutoka nje ya mkutano.

Tangazo la mtandaoni lina mambo yake. Mtu akilibofya, anaingia kwenye tovuti yetu akiwa na mkia. Mkia huo ni mfululizo wa herufi na tarakimu unaokaa mwisho wa anwani ya ukurasa, mrefu kama jina la mtoto aliyerithishwa mababu wote kwa pamoja. Ni utambulisho ambao kampuni ya matangazo imeupa ule mbofyo mmoja. Kazi yetu ni kuutunza toka mtu anapoingia hadi anapopata chumba, kisha kuurudisha kwa ile kampuni na kuiambia: yule mwenye mkia huu amekuwa mgeni wetu. Kampuni nayo inajifunza hapo tangazo limwendee mtu wa aina gani kesho. Ukiupoteza mkia, au ukiubadilisha hata herufi moja, kampuni haimjui mtu wako.

Tulikuwa na fundi mmoja wa Nairobi, kijana msafi sana, ambaye hakupenda kuona herufi kubwa na ndogo zimechanganyika. Akazifanya zote ndogo ili zipendeze. Kila tulichorudisha kikakataliwa, nasi tukashinda tukiilaumu kampuni ya matangazo, ambayo safari hii haikuwa na kosa lolote. Nilipogundua nilimpigia simu, nikamsalimia vizuri, nikamwambia mkia haupigwi pasi. Alicheka. Tangu siku hiyo alikuwa rafiki yangu, na mambo mengi niliyofanya baadaye yalipita mikononi mwake.

Halafu vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti, vikaanza kusahau. Zamani, mkia ukiingia, tovuti iliuhifadhi kwenye kijipande cha kumbukumbu ndani ya kivinjari cha mgeni, kile tulichokiita kuki, nao ungekaa humo hata akirudi baada ya mwezi. Wenye vivinjari wakaona watu wanafuatwafuatwa mno, wakaanza kuzifuta kuki mapema. Sina ugomvi nao. Ila ilitubidi tutumie pia seva, yaani kompyuta yetu wenyewe inayoendesha tovuti, ipeleke habari moja kwa moja. Sasa tukawa na wajumbe wawili. Kivinjari kinasema fulani amepata chumba, na seva inasema fulani amepata chumba. Mkiletewa habari za harusi na watu wawili, mmoja akisema ni ya Kazungu na mwingine akisema ni ya kitinda mimba wa Mzee Charo, nanyi hamjui kwamba ni mtu yule yule, mtashona nguo za harusi mbili. Kwa hiyo kila chumba kinachoombwa kilipewa namba moja, inayozaliwa kwenye seva mara moja tu, na wajumbe wote wawili wanaibeba hiyo hiyo pamoja na mkia ule ule. Kampuni ikipokea namba iliyokwisha kuipata, inaiacha. Hilo mkilishika, mengine ni kuchapa tu.

Na jambo moja ambalo si la kuchapa. Mgeni akisema hataki kufuatwa, amekataa pande zote mbili. Niliwahi kukuta kivinjari kimenyamaza kama kilivyoombwa, huku seva ikiendelea kusema nyuma yake. Niliizima papo hapo, kabla sijaomba ruhusa ya mtu. Niliona aibu kama niliyemkuta mtumishi wangu amejibanza nyuma ya pazia akisikiliza wageni.

Sasa nifike kwa Dama.

Dama ni wa Matsangoni, na mliomkuta kazini mnamjua sauti kabla ya sura. Alikaa kwenye meza ya simu pale Watamu, akipokea wageni wa hoteli zote tatu. Zamani meza hiyo ilikuwa na watu watatu. Wawili walipoondoka hawakujazwa, akabaki yeye. Ana watoto watatu anaowalea peke yake, na mama yake, mkulima, ambaye Dama ndiye mkono wake wa kulia. Wote hao walitegemea ile meza. Tena Dama aliipenda. Kuna watu wanafanya kazi ya simu kwa sababu hawakupata nyingine. Yeye angeweza kupewa ofisi yenye zulia akakataa.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, meneja mkuu wetu aliniita. Bwana Karisa ni mtu wa Rabai, mwimbaji wa besi kanisani, mwenye haki, lakini mwenye kuamini sana kilichoandikwa. Alikuwa na ripoti ya matangazo mbele yake.

"Mzee Mutua, habari ni njema," akasema. "Wageni wanaotoka kwenye matangazo karibu wote wanajaza fomu wenyewe mtandaoni. Hawahitaji mtu."

"Ndivyo ripoti inavyosema?"

"Ndivyo inavyosema, na wewe ndiye mwenye ripoti. Wenye hoteli wataka kuifunga ile meza ya simu Watamu. Mashine itajibu. Lakini nimewaambia wasubiri wewe uthibitishe kwamba takwimu ni sahihi."

Nikamwambia nitazipitia. Nilizipitia siku hiyo, nikazikuta ni safi. Kivinjari na seva vilikuwa vinakubaliana kama mapacha. Hakukuwa na mgeni aliyehesabiwa mara mbili wala mkia uliokatika. Lakini roho haikutulia, maana nilimjua Dama na nilijua simu yake haipoi. Nikaona niende Watamu kabla sijathibitisha kitu.

Habari ya kufungwa meza ilikuwa imeshamfikia, kwa njia zinazopita habari zote za hoteli, yaani jikoni. Alinipa kiti na chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Dama. Habari za hapa?"

"Za hapa nasikia mimi sina kazi." Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa nyumba yake haipo naye amekaa ndani yake. "Mzee, chai hii nimeitia tangu asubuhi, hata kuionja sijapata nafasi. Sasa hao wajijazao wenyewe ni akina nani, na hawa wanipigiao simu ni akina nani?"

Nilivuta kiti karibu na meza yake.

"Na jengine," akasema. "Hili tangazo lenu mniondolee. Lanifuata. Juzi natafuta dawa ya kuku wa mama, laja. Nafungua kwaya nisikize nyimbo, laja. 'Njoo upumzike Watamu.' Mimi nipumzike Watamu, na Watamu ndiko niliko tangu alfajiri?"

"Linakufuata wewe tu?"

"Mimi, na dada yangu wa Gede, na mwalimu wa kwaya. Hata mama akishika simu yangu lamwambia aje alale kwenye kitanda cha baharini. Amenambia nikuulize chakula kimo ndani ya bei."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Kampuni ya matangazo haimfuati mtu bure. Inamtafuta anayefanana na wageni wetu waliotangulia. Kama inawatafuta wafuga kuku na waimbaji wa kwaya wa Matsangoni na Gede, basi kuna mahali imefundishwa kwamba hao ndio wageni wetu. Nikamwomba Dama nikae hapo kando, nisiseme kitu, yeye aendelee na kazi yake kama kwamba sipo. Nilirudi kuwa mwanafunzi wa kusikiliza simu.

Simu ya kwanza ilitoka Eldoret. Mtu ameona tangazo kwenye simu yake, amefika katikati ya fomu, amekwama. Dama alimsalimia. Akamuuliza kama mvua imeshika huko, kama mahindi yamepandwa, watoto ni wangapi na wa umri gani, na kama kuna anayeogopa maji. Yule bwana alipoanza kulalamika kuhusu fomu, Dama alimkatiza kwa upole.

"Basi baba, usijisumbue. Wewe mgeni, kwa nini uhangaike na makaratasi? Weka simu chini, uendelee na shughuli zako. Mimi 'takujazia."

Akafungua kivinjari chake, akaingia kwenye tovuti yetu ile ile ya wageni, akajaza fomu kwa jina la yule bwana, akabonyeza. Yule bwana akapata ujumbe wa kuthibitishiwa chumba, wenye picha na kila kitu. Dama akasogeza kikombe akashika simu ya pili. Na wa pili alimjazia. Na wa tatu.

Alipopata nafasi nikamuuliza kwa nini hatumii mfumo wa ofisi.

"Mfumo wa ofisi hauna bei ya tangazo, mzee. Yeye ameona bei kule. Mimi nimtajie nyengine? Ataniona mwongo, nami nimekwisha kumuuliza watoto wake."

"Na wewe uliwahi kulibofya tangazo letu kwenye kompyuta hii?"

"Siku ile mlipolitoa. Nilitaka kuona kama mmeweka picha nzuri."

Hapo ndipo nilipoelewa. Dama alilibofya mara moja, akapata mkia, ukakaa kwenye kuki ya kivinjari chake. Kila alipomjazia mgeni, ule mkia wake ndio uliokwenda na fomu, na tovuti yetu iliuhuisha upya kila alipobonyeza, ukawa hauzeeki. Yule wa Eldoret alikuwa na mkia wake wa haki, umekaa kwenye simu yake huko Eldoret bila kazi. Kivinjari kikasema mwenye mkia wa Dama amepata chumba, seva ikaitikia hivyo hivyo, na ile namba ya ombi la chumba ikawa moja. Ulinganifu wote nilioujenga ulikuwa mzima kabisa. Ila ulikuwa wa mtu mwingine, na kampuni ikajifunza kutafuta watu wanaofanana naye. Na ripoti, kwa kuwa fomu imejazwa kwenye tovuti ya wageni, ikaandika kwamba mgeni amejijazia mwenyewe, bila msaada wa mtu.

"Dama," nikamwambia, "kompyuta inadhani wewe ndiye mgeni."

"Mgeni yupi?"

"Wote."

Alicheka mpaka akavua miwani akaipangusa kwa leso. Halafu akaivaa tena, nikaona kwamba ameelewa bila kuelezwa zaidi. Kadiri alivyowafanyia watu wema ndivyo alivyozidi kufutika kwenye takwimu. Niliumia kwa ajili yake, sitaficha. Angekuwa mvivu, akawaambia watu wajijazie wenyewe, wengi wangekata tamaa njiani na kila mtu angeona pengo.

Nilirudi kwa Bwana Karisa nikamwomba mwezi mmoja.

"Wenye hoteli hawataki hadithi, Mzee," akasema.

"Ndiyo maana naomba mwezi. Nikisema leo, itakuwa hadithi."

"Na takwimu mpya zikisema vile vile, kwamba meza haina kazi?"

"Nitazithibitisha vile vile."

Akakubali. Nilikwenda nikamwambia Dama maneno hayo hayo, maana sikutaka adhani nakwenda kumpikia takwimu. Nilimwambia sijui zitasema nini. Huenda wengi kweli wanajijazia, na yeye anapata wachache wenye kelele. Alikuwa anakunja leso, anaikunjua.

"Zisome zilivyo," akasema. "Nikiondoka, niondoke kwa kweli. Nisiondoke kwa kuwa kompyuta imeniita mgeni."

Yule fundi wa Nairobi nami tukaanza. Kwanza tulimtengenezea Dama ukurasa wake mwenyewe, wenye bei ile ile ya tangazo, ambao kivinjari chake hakisemi chochote kwa mtu yeyote. Pale anayesema ni seva peke yake. Kisha ilibidi tumuunganishe mgeni anayepiga simu na mkia wake uliobaki kwenye simu yake. Tukaamua kwamba mtu akiingia kutoka kwenye tangazo, seva inauhifadhi mkia wake na kumpa namba fupi, inayoonekana karibu na namba yetu ya simu. Akipiga, anaitaja, Dama anaiandika, na seva inajua mkia ni upi. Aliyekataa kufuatwa hapewi namba na hafuatwi. Anapata chumba chake na mambo yanaishia hapo.

Kwa ufundi ilikuwa safi. Dama aliikataa siku hiyo hiyo.

"Mzee, mtu apiga simu, sijajua ameamkaje, nimuulize namba? Mimi ni askari?"

"Muulize mwishoni."

"Mwishoni amekwisha nipa majina ya watoto wote. Nikimuuliza namba ataona yote yale yalikuwa bure." Akafikiri kidogo. "Tena namba watu hawazisemi sawasawa. Laini yakatika. Mwampa mtu herufi na tarakimu, anasoma hii, mimi naandika ile. Wape maneno. Mtu akiambiwa embe, hakosei embe."

Fundi akaona kwamba inawezekana. Tukampa Dama kazi ya kuchagua maneno, naye akayachagua kwa siku mbili na mama yake kule Matsangoni: vitu vya nyumbani, matunda, maua, nguo, samaki. Kila mgeni akawa anapewa maneno mawili. Dama akawa anauliza mwishoni kabisa, kwa sauti ya kutania, "Na hapo kwenye simu yako wamekuitaje?" Na mtu mzima, afisa wa benki labda, anajibu, "Mimi ni Embe Mkeka." Watu walipenda. Wengine walifika mapokezi wakajitambulisha hivyo hivyo, na wahudumu wa mapokezi hawakuelewa kitu mpaka tulipowaeleza. Mama mwingine, naye wa Nakuru, alipiga simu kulalamika kwamba yeye ameitwa Kibuyu Ngisi na mumewe ameitwa Waridi Hariri, akataka tuwabadilishie. Dama alimwambia majina hayabadilishwi ila chumba anaweza kupewa cha ghorofani, wakapatana.

Mwezi ukapita. Sikuchungulia takwimu katikati. Nilijizuia kwa makusudi, kwa sababu ningeona zinamwangusha ningeanza kutafuta sababu. Siku ya mwisho nilizifungua nikiwa peke yangu, nikazisoma, nikatoka nje nikazunguka jengo, nikarudi nikazisoma tena. Wengi wa wageni waliotoka kwenye matangazo, wengi kupita nusu kwa mbali, walikuwa wamepita kwa Dama. Na waliopita kwake walikuwa wagumu kuahirisha safari. Mtu aliyekwisha kuulizwa kama mtoto wake anaogopa maji anaona haya kuahirisha. Hilo la mwisho ni maoni yangu, halikuwa kwenye ripoti.

Matangazo nayo yakabadilika. Yakaacha kuwasumbua wanakwaya wa Gede, yakaanza kwenda kwa watu wenye watoto na likizo. Wenzetu wa hoteli ya Kilifi walishukuru, wakadhani tumebadilisha picha.

Bwana Karisa aliipeleka ripoti kwa wenye hoteli, nami nikaitwa kuieleza. Nilieleza kama nilivyowaeleza nyinyi: mkia, kuki, wajumbe wawili, na mwanamke mmoja aliyekuwa akihesabiwa kuwa ni wageni wote. Walicheka mahali pale pale nilipocheka mimi, wakaacha kucheka pale pale. Mmoja aliuliza, kama tungefunga meza, hawa wote wangekwenda wapi. Bwana Karisa, kwa ile sauti yake ya besi, akasema wangekwenda hoteli ya jirani. Wakaamua meza ibaki, tena iongezwe mtu wa pili. Karisa akanisogelea mlangoni, akasema, "Nenda kamwambie mwenyewe, Mzee. Usimpigie simu. Nenda."

Nilipofika Watamu, Dama alikuwa kwenye simu. Aliniona, akajua nimetoka wapi, maana siku hiyo yote hoteli ilikuwa inajua kuna mkutano. Nikafungua mdomo. Akainua kiganja, ningoje.

Nikangoja. Alikuwa na mama mmoja wa Machakos ambaye hajawahi kuiona bahari, anakuja na mtoto asiyekula samaki, anataka kujua kama mtu anaweza kupata githeri ya mahindi na maharagwe Watamu. Dama alimwambia atamwombea jikoni. Akamuuliza mtoto anaitwa nani, anasoma darasa la ngapi. Hakuharakisha hata neno. Sauti ilikuwa ile ile ya kila siku. Mwishoni aliuliza yale maneno mawili, akayaandika, akambonyezea chumba chake, akamtakia safari njema, akaweka simu chini.

"Haya mzee. Sema."

"Umebaki, Dama. Na mtu wa pili anakuja."

Alijifunika uso kwa leso. Mabega yakatikisika, nami nikatazama dirishani, macho yangu yakiwa hayana tofauti na yake. Kisha akaishusha leso, akaipangusa miwani, akaivaa, akanitazama kama anayetaka kuomba radhi kwa kuniweka mlangoni muda wote ule na habari kubwa namna hiyo.

"Ningejua ni hii," akasema, "ningekungojesha vile vile."